Tulivyojifunza Kuhakiki Habari Katika Wikipedia ya Kiswahili



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu mnaolisoma jarida hili kila mwaka, leo hatukuja na somo la fiqhi wala la tajwidi. Tumekuja kukiri kosa. Ni kosa tulilolifanya sisi wenyewe, mwalimu wenu, mbele ya watoto tuliopewa amana ya kuwafundisha. Tunalieleza ili asije mwingine akaliangukia.

Kamusi elezo ni nini?

Huenda wapo wazazi ambao hawajaisikia Wikipedia. Hiyo ni kamusi elezo, yaani kitabu kikubwa kinachoeleza mambo ya kila aina: nchi, miji, watu mashuhuri, wanyama, maradhi na sayansi. Tofauti yake na vitabu vya kabatini ni kwamba yenyewe imo ndani ya intaneti, husomwa bila malipo, na msomaji yeyote anaweza kuihariri. Ilianzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ili waiongezee makala. Leo makala zake zimezidi 80,000, na karibu zote ni kazi ya watu waliojitolea, wasiolipwa hata senti moja.

Sisi tuliingia katika kazi hiyo bila kukusudia. Mwaka 2021, baada ya darasa la jioni, kijana wetu mmoja aliyekuwa darasa la saba shuleni alituomba simu. Alipewa kazi ya nyumbani aandike habari za kata yake. Tukaandika "Itaka". Tukaambiwa kuwa Itaka ni kata ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, yakafuata maneno machache tu, basi. Chini yake kulikuwa na tangazo dogo kwamba makala hiyo bado ni mbegu, na anayejua zaidi anaombwa aongeze.

Kijana akatutazama. "Ustadh, kumbe wanatuuliza sisi?"

Neno mbegu sisi watu wa kahawa na mahindi hatuhitaji kutafsiriwa. Mbegu ikikosa wa kuipalilia, magugu ndiyo hula shamba. Tukajiandikisha usiku ule ule.

Kazi ya kwanza: majina yanayofanana

Tulianza na mambo madogo madogo. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kwa hiyo maandishi mengi ya zamani, ya mtandaoni na ya vitabuni, yanaitaja Mbozi, Tunduma, Ileje na Momba kuwa ziko Mbeya. Aliyeandika mwaka 2010 hakukosea. Anayenakili leo bila kutazama mwaka ndiye anayekosea.

Kisha likaja jina lenyewe la Songwe. Kuna Mkoa wa Songwe, na ndani yake kuna Wilaya ya Songwe. Kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao hauko Mkoa wa Songwe bali uko Mbeya. Kuna Mto Songwe uliopo mpakani mwa Tanzania na Malawi, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, na kuna Mto Songwe mwingine unaokwenda Ziwa Rukwa. Mtoto akiulizwa Songwe iko wapi, kwanza inabidi amuulize muulizaji: Songwe ipi?

Tulikuta pia sentensi zilizotafsiriwa kwa mashine. Moja ilisema mto fulani "unakimbia" kuelekea magharibi. Mito yetu hutiririka, haikimbii. Tukasahihisha. Wanafunzi walicheka sana siku hiyo, lakini tangu hapo walianza kusoma kila sentensi kwa jicho la mhakiki.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unabonyeza neno "Hariri", unasahihisha, unaandika kwa ufupi umebadilisha nini na kwa nini, halafu unahifadhi. Kila badiliko hubaki katika ukurasa wa historia pamoja na saa, tarehe na jina la aliyelifanya. Hakuna kinachopotea. Ukifuta la mwenzio litaonekana, na wewe pia utaonekana kuwa ndiye uliyefuta. Na kila makala ina ukurasa wa majadiliano, ambako wasiokubaliana hukutana na kupeana hoja.

Kimondo na aya ya chuma

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Katika wilaya yetu, kwenye kilima cha Marengi, kipo Kimondo cha Mbozi. Wengi wenu mmekwishafika na kupiga picha. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi duniani. Kina urefu wa mita 3 hivi, kimo cha mita 1 hivi, na takriban asilimia 90 yake ni chuma, pamoja na nikeli kidogo. Wenyeji walikijua tangu zamani, ila ulimwengu wa nje ulipata habari zake mwaka 1930 kupitia kwa mpima ardhi aitwaye W. H. Nott.

Mwaka 2022 tuliwapa wanafunzi wakubwa zoezi la kuandika habari za kimondo hicho. Daftari la kwanza tulilolifungua lilisema, "Kimondo kilianguka mwaka 1930." La pili vivyo hivyo, na la tatu vivyo hivyo. Wote walinakiliana. Tukawauliza: kama kingeanguka mwaka 1930, je, babu zenu wasingesimulia mshindo wake? Ukweli ni kwamba mwaka 1930 ni wa kutangazwa, si wa kuanguka. Hakuna shimo la mwanguko lililoonekana pale, wala masimulizi ya wazee kuhusu kuanguka kwake, na ndiyo maana wataalamu wanakadiria kuwa kilianguka maelfu mengi ya miaka iliyopita. Uzito nao hautajwi kwa namna moja. Makadirio ya zamani yalisema tani 12, wengine wakafika hadi 25, na leo linalotajwa sana ni tani 16. Tukawafundisha wasiandike "ni tani 16" kana kwamba mtu alikiweka mzanini, bali waandike "inakadiriwa".

Hadi hapo tulikuwa salama. Ndipo mwanafunzi wetu mmoja, hodari wa kuhifadhi, akanyoosha mkono. Akasema kwamba katika Suratul Hadid, sura ya 57, aya ya 25, Allah (S.W.) ametaja kukiteremsha chuma. "Ustadh, na hiki ni chuma kilichoshuka kutoka juu, tena kipo kwetu Mbozi. Kwa nini tusiandike kwamba Qur'ani ilikwisha kukitaja?"

Darasa zima likapiga takbira. Na sisi, badala ya kumwambia ngoja tutazame, tukafurahi pamoja nao. Tukaiongeza sentensi hiyo katika makala ya kimondo kwa mikono yetu wenyewe, tukaihifadhi.

Siku mbili baadaye haikuwapo. Mhariri mmoja tusiyemfahamu aliiondoa, akaeleza kwa ufupi kwamba hakuna chanzo kilichotolewa kinachoihusisha aya hiyo na kimondo hicho.

Ndugu msomaji, habari hiyo ilienea madrasa nzima kabla ya adhana ya Magharibi. "Wameifuta Qur'ani!" Ndivyo watoto walivyofikisha majumbani. Kesho yake mzazi mmoja alikuja asubuhi, akaketi kwenye mkeka, akasema kwa upole lakini kwa uzito: "Ustadh, sisi Waislamu wa huku ni wachache. Tumekuleteeni watoto muwalinde. Mnawapeleka mahali ambapo dini yao inafutwa?" Akatukumbusha pia mgogoro wa mwaka 2008, pale Waislamu wengi walipotia saini kuomba michoro ya Mtume (S.A.W.) iondolewe katika Wikipedia ya Kiingereza na ombi lao likakataliwa.

Hatukuwa na jibu. Kuhusu michoro ile, tulimwambia wazi kuwa hata sisi imetuumiza na hatuikubali. Kuhusu sentensi iliyofutwa, tulimwomba atupe siku tatu.

Usiku ule tulikuwa tumeshaanza kuandika maneno makali katika ukurasa wa majadiliano. Kabla ya kuyatuma tukajiuliza swali moja tu, lile lile tunalowauliza wanafunzi wa hadithi kila wiki: nani amesema? Tukashusha vitabu vya tafsiri tulivyonavyo. Tukakuta kwamba wanachuoni wenyewe wametofautiana kuhusu kuteremshwa chuma. Wapo walioichukua kwa dhahiri yake, na wapo waliosema maana yake ni kuumbwa na kuwaneemesha waja. Hakuna hata mmoja aliyesema kuwa aya ile inakusudia kimondo cha Mbozi. Angesemaje, na yeye hakukijua?

Basi ni nani aliyesema? Mtoto wa miaka kumi na minne alisema, na mwalimu wake akampitishia bila kuhakiki. Hiyo ndiyo isnadi yote.

Tulitetemeka. Kumzulia mwanadamu neno ni dhambi. Je, kuifanya Qur'ani iseme jambo ambalo hatuna elimu nalo? Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul Israa kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuzichunguze habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta. Mtume (S.A.W.) naye ametuonya kwamba inamtosha mtu kuwa muongo akisimulia kila anachokisikia. Aya hizo na hadithi hiyo tunazisomesha. Siku ile tulizisahau kwa sababu habari yenyewe ilitupendeza. Na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa habari inayotuchukiza huwa tunaichunguza wenyewe bila kuambiwa.

Siku ya tatu tuliwakusanya wanafunzi, na yule mzazi tulimwalika. Tukasema mbele ya wote: "Qur'ani haikufutwa na haifutiki. Kilichofutwa ni dhana ya mwalimu wenu, na aliyeifuta alifanya sawa." Palikuwa kimya. Kisha yule mwanafunzi hodari akauliza, "Kwa hiyo mimi nilikosea, Ustadh?" Tukamjibu kwamba yeye aliuliza swali, na kuuliza si kosa. Kosa lilikuwa la aliyelijibu kabla ya kulitafuta.

Mzazi yule alinyamaza kitambo, akasema, "Basi mtoto wangu aendelee." Lakini aliweka sharti kwamba wasiingie mtandaoni bila mwalimu kuwapo, na sharti hilo tunalishika hadi leo.

Mzee tuliyemkosa

Lipo la pili, nalo bado linatuuma.

Katika ile makala ya Itaka tulitaka kuongeza habari za Uislamu ulivyofika hapa. Palikuwa na mzee mmoja, Allah amrehemu, aliyekuwa amevuka miaka themanini. Tulikaa naye jioni moja akatusimulia nani alifungua chuo cha kwanza, watoto walikaa chini ya mti gani, na mas-hafu ya kwanza ilitoka wapi. Tuliandika nusu ukurasa kwenye karatasi, tukarudi nyumbani, tukaiingiza Wikipedia. Ikaondolewa kwa sababu ile ile, kwamba haikuwa na chanzo kilichochapishwa ambacho msomaji mwingine angeweza kukitazama. Tena familia nyingine ya hapa hapa ilisikia habari hizo ikasema aliyetangulia ni babu yao.

Safari hii hatukukasirika. Tulikubaliana turudi kwa mzee na daftari, tumrekodi sauti, kisha twende kwa ile familia nyingine nayo tuisikilize. Tukasema tutakwenda mvua zikiisha. Mvua zikaisha, ukaingia msimu wa kuchuma kahawa. Tukasema tutakwenda kahawa ikiisha. Mwaka 2023 tulikwenda nyumbani kwake, lakini tulikwenda kuzika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tuliyobaki nayo ni ile karatasi ya nusu ukurasa. Hata jina la mwalimu wa kwanza tumeliandika vibaya, herufi ya katikati haisomeki, na wa kumuuliza hayupo tena.

Hapo tukaelewa jambo ambalo kamusi elezo haiwezi kututatulia. Yenyewe hukusanya yaliyokwisha kuandikwa na kuchapishwa. Yaliyomo vifuani mwa wazee wetu wa Itaka hayawezi kuingia humo mpaka kwanza sisi tuyaandike mahali. Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, aliandika pia habari za wanachuoni wa Afrika Mashariki. Tunawajua wengi wao leo kwa sababu mtu mmoja alichukua kalamu wangali wanakumbukwa. Je, wa kwetu nani atawaandika?

Ndiyo maana, kuanzia mwaka huu, tumewaomba wahariri wa jarida hili watenge kurasa za masimulizi ya wazee. Kila simulizi litakuwa na jina la aliyesimulia kwa ridhaa yake, jina la aliyeandika, mahali na tarehe. Na pale wazee wawili wanapotofautiana, yataandikwa yote mawili. Hatusemi kwamba kila tutakachokichapisha kitakubaliwa kwenye kamusi elezo. Wahariri wa huko watakipima, kama wanachuoni wetu walivyowapima wapokezi. Lakini kisichoandikwa kabisa hakina hata cha kupimwa.

Nasaha kwa wanafunzi

Kwa wale wanaotaka kujiunga na kikundi chetu cha Jumamosi, tunawausia haya:

Kwanza, tia nia. Kazi hii haina mshahara, na jina lako hutalikuta juu ya makala. Elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo ujira wake haukatiki mtu anapofariki. Ukiingia kwa kutaka sifa, utachoka wiki ya pili.

Pili, usiandike usichokuwa na chanzo chake. Kama umekisoma, taja umekisoma wapi. Kama umekisikia tu, kiache kwanza, ukitafute.

Tatu, tofautisha mimbari na kamusi. Katika kamusi elezo huandiki "dini yetu tukufu" wala "dini yao potofu". Unaandika Waislamu wanaamini hivi, Wakristo wanaamini hivi, kila kundi lielezwe kama linavyojieleza. Kufanya hivyo hakukuondolei imani yako. Majirani zetu wengi hapa Itaka ni Wakristo, na uadilifu katika kuwaeleza ni amri ya dini yetu wenyewe.

Nne, usiibe maneno ya mtu. Kunakili ukurasa wa kitabu na kuubandika ni wizi, hata kama hakuna aliyekuona.

Tano, ukisahihishwa, shukuru. Soma sababu kwanza. Ikiwa mwenzio amekosea, mjibu kwa hoja na kwa adabu katika majadiliano, wala usirudishe la kwako kwa ubishi.

Sita, usitumie jina lako kamili, wala usiweke namba ya simu au picha ya nyumbani kwenu. Na usiingie bila mwalimu au mzazi kujua.

Saba, kidogo cha kudumu ni bora. Sentensi moja iliyonyooka kila wiki inatosha.

Makala ya kimondo hatukuiacha. Ile sentensi yetu haikurudi na haitarudi. Kilichobaki cha wanafunzi wetu ni masahihisho madogo: "inakadiriwa" katika uzito, na maelezo kwamba mwaka 1930 ni wa kutangazwa, si wa kuanguka. Ukilitazama kwa haraka huwezi kujua kuwa kuna mtu aliyefanya kazi hapo. Lakini mtoto wa shule yoyote, awe Tunduma, Mombasa au Muscat, akisoma kwa Kiswahili habari za jiwe letu, hatapotoshwa kwa mkono wetu.

Na nyinyi wazazi, tunawaomba jambo moja. Nyumbani kwenu kama yupo babu au bibi anayekumbuka, msingoje kahawa iishe. Mwiteni kijana mmoja kutoka madrasa aje na daftari wiki hii.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyakosea, atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyasema na tunayoyaandika, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.